Nusu Tofali

Mimi watu wa kupima siwapendi, nasema wazi na sioni haya. Nikimwona mtu ana saa shingoni anahesabu jasho la mwenzake, roho inanichafuka hapo hapo. Na ajabu ni kwamba aliyenilea mimi alikuwa mpimaji kuliko wote.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwashi. Ameinua kuta miaka thelathini na sita. Kazini wanamwita Timazi, kwa sababu ya kile kichuma kizito cha uzi wanachopimia wima wa ukuta, ambacho hakimtoki mfukoni. Amekivika soksi ya mtoto kisimtobolee koti. Soksi yenyewe ilikuwa yangu. Pimamaji analo, tena zuri, lakini anasema kile kiputo chake cha hewa kina tabia za watu: ukikitazama kwa upande unaotaka, kinakupa jibu unalotaka. Timazi ukiliachia linakwenda chini tu, halina mjomba wala shangazi.

Alipanga vyumba viwili vya kuishi, na ukuta mmoja wa chumba cha kulala umeinama vidole viwili. Mtu mwingine angeishi humo mpaka kufa asijue. Yeye aligeuza kitanda siku ya kwanza ili alale akiupa mgongo. Mkaza mjomba, alipokuwa hai, alikuwa akitucheka: "Huyu akiamka usingizini haulizi mke yuko wapi, anauliza ukuta umeanguka?" Na uongo hauwezi kabisa. Jirani alimkaribisha kuona chumba kipya alichojengewa, watu wote wakasifu, yeye akasema, "Kona ya kushoto imepotea." Jirani hakumsemesha mwezi mzima.

Basi huyo ndiye mtu aliyenifundisha kuandika uongo kila asubuhi kwa wiki kumi na nne.

Tulikuwa tunajenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa tatu. Kampuni ilikuwa na majengo ya namna hiyo hiyo katika nchi tatu, ramani moja, tofali la kipimo kimoja, tofauti ni jua tu. Kwetu walikuwapo waashi kumi na wawili, mjomba akiwa kiongozi wao. Mimi nilikuwa karani wa mahudhurio. Meza yangu ilikuwa dirishani mwa stoo, kati ya mifuko ya saruji na lundo la koleo, na kazi zangu zilikuwa mbili: asubuhi kuandika nani amekuja, jioni kuandika matofali mangapi yamepanda.

Kila mwashi alikuwa na kipande chake cha ukuta, alama ya chaki hadi alama ya chaki, matofali tisini na tisa kwa siku. Wageni walikuwa wakiuliza kwa nini yasifike mia. Mjomba akijibu, "La mia ndilo la haraka, na la haraka ndilo tutakalolibomoa kesho." Saa tisa za kazi, matofali kumi na moja kwa saa, mwanzo mpaka mwisho. Ukuta wao ulikuwa umenyooka mpaka unaona raha kuuegemea.

Kati ya hao kumi na wawili alikuwapo mmoja tuliyemwita Redio. Sababu iko wazi: alikuwa hanyamazi. Anapanga tofali anasimulia, anakunywa chai anasimulia, akiwa peke yake kwenye jukwaa analisimulia tofali. Waashi walikuwa wakimpigia kelele, "Redio, zima!" naye anajibu, "Betri bado mpya, ndugu zangu." Lakini siku asipokuwapo kazi ilikuwa inadoda.

Siku moja ubao wa jukwaa uliteleza, Redio akaanguka chali kutoka ghorofa ya kwanza, mgongo ukapiga kwenye rundo la kokoto. Hakulia. Alisema tu, "Jamani, miguu yangu siisikii vizuri." Hospitali walimlaza siku tisa. Meneja alikuja, akatazama ubao, akatazama karatasi zake, akasema mtu huyo hakuwa amefunga mkanda, kwa hiyo ni uzembe wake, kampuni haihusiki. Mikanda yenyewe ilikuwa minne kwa watu kumi na wawili. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama nimechoka na kazi.

Siku ya kumi mjomba alikuja dirishani kwangu kabla ya wenzake.

"Mwandike Redio," akasema.

"Nimwandike wapi, mjomba?"

"Hapo unapoandika wote. Yupo."

Nikamtazama, nikadhani jua limempiga. Akatoa timazi mfukoni, akaanza kulivua na kulivika soksi, ndivyo anavyofanya akiona aibu. "Kipande chake kitajengwa," akasema. "Kila mmoja wetu anaongeza matofali tisa. Kumi na mmoja mara tisa, tisini na tisa. Kampuni inapata ukuta wake wote, haipungukiwi hata kokoto. Sasa hapo nimemwibia nani?"

Redio ana watoto wanne na mke anayeshona nguo za watu chumbani. Nikaandika. Kuanzia siku hiyo wale watu kumi na mmoja walipanga matofali mia na manane kila mmoja. Jioni nikawaona wanaosha miko yao wameketi chini. Kipande cha Redio walikuwa hawakiachi mwisho. Walikijenga kati ya vyao, na kilinyooka kama vingine. Meneja alikuwa akipita mara moja kwa wiki, haulizi sura za watu, anauliza ukuta umefika wapi. Mambo yakaenda.

Ndipo akaja bwana wa saa.

Alikuwa kijana mtanashati, mpole, viatu vyake vya kazi bado vipya. Shingoni saa, mkononi kompyuta bapa. Meneja alitukusanya akatueleza. Kampuni inataka kujua ni nchi gani mtu mmoja, kwa saa moja, anapanga matofali mengi zaidi. Watapima siku tano katika kila nchi. Nchi itakayoongoza, waashi wake watapewa kuta zote za majengo yanayokuja, miaka minne ya kazi. Nchi nyingine mbili hazitahitaji waashi tena: kuta zitamwagwa kiwandani, ziletwe na lori, zisimamishwe na winchi.

Miaka minne! Kwa mwashi hiyo ni habari ya kusomesha mtoto mpaka amalize. Watu walipiga makofi. Mjomba hakupiga. Nilimwona anahesabu midomo ikicheza.

Jioni akanifuata. "Karani, huyu atagawa matofali kwa watu?"

"Kwa watu na kwa saa zao."

"Kwa watu wa ukutani au wa kitabuni?"

"Wa kitabuni, mjomba. Kitabu ndicho anachokiamini."

Akakaa kwenye mfuko wa saruji. Tulikuwa tumeelewana. Kumwondoa Redio kitabuni maana yake meneja aulize, alikuwa wapi wiki zote hizi? Na jibu lake lingemfikisha mjomba polisi, na mimi nyuma yake na kalamu yangu. Na Redio angebaki na godoro lake, bila mshahara. "Mwache," mjomba akasema. "Tutakaza mikono."

Wakaze kitu gani? Walikuwa wameshakaza mpaka mwisho! Mtu anayepanga mia na manane, tena ya timazi, hana akiba ya kukaza.

Siku ya kwanza bwana wa saa alihesabu vichwa, akaja dirishani. "Naona kumi na mmoja."

"Mmoja yuko msalani."

Mchana akarudi. "Bado kumi na mmoja."

"Tumbo linamsumbua."

Siku ya pili akarudi tena, anacheka. "Karani, tumbo gani hilo lisilopumzika?" Nikamwambia kama ana dawa alete. Nilikuwa mkali kwake, maana ukali ndio uliokuwa mlango wangu wa kujificha. Kila alipogeuka nilitaka kumwita nimwambie, Ndugu yangu, hesabu vizuri, kuna miujiza inafanyika mbele yako na wewe unatazama saa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikasikia vishindo vya fimbo kwenye kokoto. Loo! Redio huyo, ameshikwa bega na mkewe, jasho linamtiririka, amevaa ile ovaroli yake ya kazi iliyokuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Moyo ulinipasuka. Ukweli nilifurahi pia, nasema kweli yangu. Nikawaza, kichwa cha kumi na mbili hicho, sasa yule bwana atulie.

"Dada karani," akasema, "nina jambo nataka kukwambia."

"Si sasa," nikamwambia. "Nyamaza, huyu mtu yuko hapo nyuma ya jukwaa."

"Ni jambo dogo tu, nisikilize—"

"Redio, zima! Utatuua."

Mjomba alikuwa ameshatufikia. Hakumsalimu, hakumuuliza mgongo. Alipindua ndoo, akamkalisha mbele ya kile kipande chake, akamtia mwiko mkononi. "Kaa hapa. Ukimwona anakuja, gusa udongo, panga moja. Usiseme kitu." Redio akatutazama mmoja mmoja. Halafu, mtu yule ambaye alikuwa hanyamazi, akanyamaza. Alipanga matofali manne. La tano lilimponyoka, akainama juu ya magoti yake na kutulia hivyo, mwiko mkononi. Bwana wa saa akapita, akasimama, akampiga picha. Saa sita mkewe alimchukua akamrudisha nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza alichokuja kusema. Tulikuwa tunashukuru tu kwamba ameonekana.

Siku ya tano, saa ya kufunga, bwana wa saa aliingia stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya mfuko.

"Karani," akasema, "mimi sikuja kumkamata mtu. Nimekaa hapa siku tano. Mikono inayofanya kazi ni ya watu kumi na mmoja. Huyu aliyekuja juzi ni mgonjwa. Kama kuna jina halistahili kuwamo kitabuni, niambie moja tu, nilifute kwenye hesabu zangu, basi. Nadhani itawasaidia."

Nilimtafuta mjomba kwa macho dirishani. Alikuwa juu ya jukwaa, anauachia ule uzi, anasubiri kichuma kitulie. Nikawaza: nikisema, huyu ataandika, meneja atasoma, mjomba wangu, mtu wa miaka hamsini na minane, atavuliwa mkanda kituoni. Nikawaza wale watoto wanne. Nikawaza pia kwamba huyu kijana ana sura nzuri, na sura nzuri zimewauza wengi.

"Wote wanafanya kazi," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema, akaandika kumi na mbili.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Meneja alituita chini ya ghorofa ya pili, akasoma kwenye karatasi zilizobanwa vizuri, zenye rangi. Nchi ya kwanza, matofali kumi na moja na nusu kwa mtu kwa saa. Sisi, kumi na moja. Nchi ya tatu, kumi. "Mmejitahidi," akasema, "mmepitwa kwa nusu tofali tu." Kisha akafungua ukurasa wa nyuma akatuonyesha picha. Redio juu ya ndoo, ameinama, mwiko mkononi. Chini yake wameandika: Muda wa kazi unavyopotea.

Mmoja wa waashi alicheka, kile kicheko kisicho na meno. Mwingine alitoa matusi, sitayaandika hapa.

Mjomba aliniomba penseli. Akachukua tofali zima, akaliweka magotini, akaandika juu yake. Jumla ya siku, elfu moja mia moja themanini na nane. Akagawa kwa kumi na moja. Akagawa kwa tisa. Alipofika mwisho aliizungushia namba mduara, polepole, akanigeuzia nione. Kumi na mbili. Kumi na mbili kamili, bila nusu wala robo. Tulikuwa tumewashinda wote. Katika nchi zote tatu hakuna mtu aliyepanga kama wale watu kumi na mmoja, nao hawakuwa na mashine ya kuwafikishia tofali miguuni, na maji yalikuwa yakija na lori linapojisikia.

"Unaandika nini, mzee?" meneja akauliza.

"Hesabu za nyumbani."

Akapanda jukwaani. Akalitia udongo lile tofali upande wenye maandishi, akalipanga, akaligonga mara mbili na mpini wa mwiko, akalipima. Ndilo tofali la mwisho alilopanga pale. Hosteli ipo mpaka leo, wanafunzi wanaanika taulo dirishani, na ushindi wetu umo ukutani hakuna anayeuona.

Wiki iliyofuata winchi ikaja. Waashi wakatawanyika. Wawili wanachimba mitaro, mmoja analinda geti la watu, na mdogo wao kwa umri amekwenda kwao na sijamsikia tena. Mke wa mmoja wao alinikuta dukani, akaniambia mbele za watu, "Mmemlisha mmoja, mmetunyima kumi na mmoja. Hongera." Nilimjibu vibaya, nikarudi nyumbani nikalia, maana alikuwa na haki.

Redio nilikwenda kumwona baada ya miezi miwili. Nilichelewa kwa aibu. Nilimkuta kitandani, mkewe anashona karibu na mlango penye mwanga, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba cherehani ilikuwa inasikika kama gari. Ovaroli ilikuwa imetundikwa msumarini, mistari ya pasi ingali inaonekana. Tukasemezana habari za afya. Halafu akaniuliza, "Dada karani, ile siku. Hivi hukuona kwamba nilikuja kukuaga?"

"Kuniaga kwenda wapi?"

"Kuacha kazi. Nilikuja uniandike nimeacha kazi, tarehe ile ile. Mtu akiacha kazi si anafutwa tu? Nani atauliza alikuwa wapi juzi? Mngebaki kumi na mmoja kwa haki. Nilimwambia mke wangu anipigie pasi nguo, niende niage kama mtu mzima." Akaitazama ile ovaroli msumarini. "Mkanipa ndoo."

Cherehani ikasimama.

Ameacha kazi. Maneno mawili! Mimi niliyeshika kalamu, mjomba aliyeshika timazi, bwana aliyeshika saa, wote tuna akili zetu timamu, hakuna aliyewaza maneno mawili. Aliyewaza ni huyu, naye nilimzima mwenyewe kwa kinywa changu.

"Mbona hukusema kwa nguvu, ndugu yangu?" nikamuuliza. "Wewe, Redio!"

"Kila niliyemtazama alikuwa anataka ninyamaze," akasema. "Nikaona labda mnajua zaidi."

Niliporudi, mjomba alikuwa kwa yule jirani wa kona iliyopotea, anamjengea choo. Kazi ya siku mbili. Alikuwa peke yake, bila msaidizi, goti moja chini, ameuachia uzi wa timazi na anasubiri kichuma kiache kuyumba. Amezeeka mgongoni. Nilisimama nyuma yake mpaka kikatulia.

"Hajambo mgonjwa?" akauliza bila kugeuka.

"Hajambo."

"Ana kinyongo na sisi?"

"Hana."

"Amesemaje?"

Alikuwa ameshika tofali mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, ananisubiri. Nikamtazama yule mzee ambaye hajui kusema uongo, ambaye maisha yake yote alidanganya mara moja tu, kwa ajili ya mtu mwingine.

"Amekusalimu tu, mjomba," nikamwambia. "Amekushukuru sana."

Akatikisa kichwa kuridhika, akapaka udongo, akapanga.